Mipaka ya Uchaguzi na Sauti ya Kilangala

Katika kitabu cha Yoshua twasoma ya kuwa wana wa Yusufu walimwendea Yoshua wakanung'unika, maana walikuwa watu wengi nao wamepewa fungu moja tu. Basi shauri la kulinganisha mafungu na hesabu ya watu si jipya. Nasi wa pwani ya Lindi yatupasa kulijua, kwa kuwa mstari uchorwao katika ramani waweza kuikuza sauti ya kijiji au kuipunguza, wala hapana mtu aliyehama nyumba yake.

Mwaka 1958 na 1959 Tanganyika ilichagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Nchi nzima iligawanywa katika majimbo 10 tu ya uchaguzi. Kusini, ambako zamu ilikuwa Februari 1959, kulikuwa jimbo moja, tangu Kilwa na Lindi hata Songea na Ziwa Nyasa. Kila jimbo lilipeleka wajumbe 3: Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na mpiga kura alilazimika kuwachagua wote 3, la sivyo kura yake iliharibika. Tena haki hiyo ilikuwa ya mwenye mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 8, au cheo kilichotajwa na sheria. Hivyo mkulima wa kawaida wa Kilangala alikuwa ndani ya mpaka, walakini nje ya uchaguzi.

Baadaye majimbo yakaongezwa na kila moja likawa dogo zaidi. Agosti 1960 viti vya kuchaguliwa vilikuwa 71. Mwaka 1965, watu wazima wote walipopiga kura, majimbo ya Tanzania Bara yalikuwa 107. Eneo lilipopungua, mbunge aliwakaribia watu wake.

Leo Kilangala ni kata katika jimbo la Mchinga. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2020, kata za Mchinga zilitolewa katika Halmashauri ya Wilaya ya Lindi zikatiwa katika Manispaa ya Lindi, na sehemu iliyosalia ikawa Halmashauri ya Mtama. Jina la jimbo halikubadilika, bali baraza lilibadilika. Diwani wa mashamba sasa huketi pamoja na madiwani wa mjini, na shauri la korosho na barabara za vumbi husikilizwa mahali pamoja na shauri la mitaro na soko la mji.

Ni nani achoraye mipaka ya majimbo? Katiba ya mwaka 1977 yaiagiza Tume ya Uchaguzi kuyachunguza majimbo angalau kila baada ya miaka 10, ikitazama hesabu ya watu, hali ya nchi na njia za mawasiliano. Katika sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 1,194,028 kwa majimbo 8, yaani watu kama 149,000 kwa kila mbunge. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 kwa majimbo 10. Mwaka 2025 Tume iliongeza majimbo 8 katika nchi. Mawili, Kivule na Chamazi, yalikuwa ya Dar es Salaam, wala Lindi haikupata hata moja. Hata hivyo mbunge wa Dar es Salaam huwasemea watu mara 3 kuliko mbunge wa kwetu.

Je, twapendelewa? Kwa hesabu ya vichwa, ndiyo. Lakini mbunge wa mjini huzunguka jimbo lake kwa siku moja, na wa kwetu hupita misitu na mito. Mizani hii ina pande mbili, na mwenye haki huzitazama zote. Waingereza waliipuuza: Old Sarum, kilima cha magofu, kilipeleka wabunge 2 hata mwaka 1832, huku mji mkubwa wa Manchester haukuwa na wake hata mmoja.

Maombi ya kugawa jimbo hupita katika baraza la madiwani, kisha kamati za ushauri za wilaya na mkoa, ndipo hufika kwenye Tume. Basi karani wa sensa apitapo, tuhesabiwe sote. Na diwani aitishapo mkutano wa mipaka, tusibaki shambani. Asiyekuwapo na lake halipo.