Jiji juu ya maji: nembo ya Thames Television na kampuni iliyoiacha

Anayeijua London akiitazama picha ile kwa utulivu atagundua kwamba haiwezekani. Kuba la kanisa kuu la St Paul's, saa ya Big Ben, daraja la Tower Bridge, mnara mrefu wa Posta na sanamu ya Nelson juu ya nguzo yake vimebanana ukingoni mwa mto kama majirani wa kiambaza kimoja. Lakini Nelson yuko Trafalgar Square, na Tower Bridge iko mbali kule mashariki. Hakuna mahali jijini ambapo mtu atasimama aone vyote hivyo vimejipanga namna ile. Wabunifu walikata picha za majengo wakazipanga upya kwa raha zao. Kisha jiji hilo la kubuni likainuliwa kutoka majini, taswira yake ikageuka kichwa chini ndani ya mto, tarumbeta zikalia kwa sekunde chache, na neno THAMES likatokea katikati.

Kwa takriban miaka 20 kuanzia 1969, sekunde hizo ndizo zilizotangulia vipindi vya kampuni iliyorusha matangazo ya London siku za kazi. Watu wengi wazima wa Uingereza bado wanaweza kuuimba muziki wake bila kukosea.

Ili kuelewa kwa nini nembo ilikuwa jambo zito kiasi hicho, ni lazima kujua jinsi ITV, ambayo Thames ilikuwa sehemu yake, ilivyoundwa. Ilipoanza mwaka 1955 kama televisheni ya kwanza ya kibiashara nchini humo, haikuwa kampuni moja. Ulikuwa mtandao wa kampuni nyingi, kila moja ikipewa leseni ya eneo lake na muda maalumu, na zote zikibadilishana vipindi. Mtazamaji wa Manchester aliona mshale wa Granada. Wa Norwich aliona shujaa wa Anglia juu ya farasi, akizunguka polepole. Huyo alikuwa sanamu halisi ya fedha iliyotengenezwa karne ya 19, na kampuni iliikuta dukani ikiuzwa.

London ilikuwa na tatizo lake, nalo ndilo lililoizaa Thames. Leseni ya jiji hilo iligawanywa kwa siku za juma: kampuni moja Jumatatu hadi Ijumaa, nyingine Jumamosi na Jumapili. Mamlaka ya usimamizi ilipogawa leseni upya mwaka 1967, iliziamuru kampuni mbili kongwe, ABC na Rediffusion, ziungane na kuchukua siku za kazi. Ilikuwa ndoa ya kulazimishwa. ABC ilipewa usukani, na Rediffusion, iliyokuwa imeitawala London tangu siku ya kwanza ya ITV, ikajikuta inatii amri ndani ya nyumba iliyokuwa yake. Katika hali kama hiyo jina la upande wowote lingekuwa kidonda. Mto haukuwa wa ABC wala wa Rediffusion. Thames ilianza kurusha matangazo tarehe 30 Julai 1968.

Siku chache baadaye ikaingia kampuni ya mwisho wa juma, London Weekend Television, au LWT. Kila Ijumaa saa 1 jioni Thames ilinyamaza na LWT ikaendelea pale pale. Tangu 1982 makabidhiano yakasogezwa hadi saa 11 na robo. Mtazamaji hakubadilisha kituo wala hakugusa antena. Mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa ule ule na namba ya kituo ile ile. Kilichomwambia kwamba nyumba imebadilisha mwenyewe kilikuwa nembo. Ndiyo maana naamini kwamba hapakuwa na kampuni ya ITV iliyoihitaji nembo yake kama Thames, ukiondoa hiyo LWT yenyewe. Nayo LWT iliuchora mto huo huo: mistari mitatu, ya buluu, nyeupe na rangi ya chungwa, ikipinda pamoja kwenye kioo. Hivyo Waingereza wa London walikuwa na mto mmoja na picha mbili, moja ikiutazama kutoka ukingoni, nyingine kana kwamba kutoka angani.

Picha maarufu ya Thames ilikuja na rangi. ITV ilianza kuonyesha vipindi vya rangi Novemba 1969, na jiji juu ya maji likapata buluu yake. Muziki ulitungwa na Johnny Hawksworth, mpiga besi wa jazi aliyewahi kupiga katika bendi kubwa ya Ted Heath. Mimi humpa Hawksworth nusu ya sifa zote. Picha ile bila tarumbeta zake ni kadi ya posta tu. Ni muziki ulioifanya iwe wito, kiasi kwamba mtu aliyekuwa jikoni alijua kipindi kinaanza.

Jinsi nembo ilivyokuwa imezama vichwani ilidhihirika katika mfululizo wa tatu wa kipindi cha vichekesho cha Monty Python, wa 1972 hadi 1973. Kipindi hicho kilikuwa cha BBC, mshindani mkubwa wa ITV. Hata hivyo sehemu yake mojawapo ilianza na nembo ya Thames, na mtangazaji halisi wa Thames, David Hamilton, akajitokeza kuwakaribisha watazamaji kabla ya kuwaambia kwamba kwa sasa wataona kipindi kibovu cha BBC. Mchezo huo usingemchekesha mtu asiyeijua picha ile.

Nyuma ya nembo kulikuwa na kazi ya kweli. Thames ilitengeneza The World at War, historia ya Vita Kuu ya Pili katika sehemu 26. Ilimrusha mchekeshaji Benny Hill kwa miaka 20. Na Mr. Bean, ambaye watoto wa Dar es Salaam na Mombasa wanamfahamu bila kuhitaji mkalimani, alionekana kwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1990 katika kipindi kilichotengenezwa na kampuni ya Tiger kwa ajili ya Thames.

Kufikia hapo, hata hivyo, jiji la kwenye maji lilikuwa limeanza kuondoka. Mwaka 1989 ITV ilijaribu kuzivalisha kampuni zake zote sare moja, kila moja ikibakiwa na kipande cha nembo yake ndani ya herufi V. Mwaka 1990 Thames ikaleta nembo yake mpya: majengo yale yale yaliyobanwa ndani ya pembetatu. Ilikuwa nadhifu. Kwa maoni yangu ilikuwa pia kosa kubwa, kwa sababu kampuni iliweka kando kitu pekee ambacho watazamaji wote walikijua kuwa chake, na ikafanya hivyo wakati ilipokihitaji zaidi.

Maana wakati huo serikali ilikuwa inabadilisha sheria. Aprili 1988 Thames ilikuwa imerusha Death on the Rock, uchunguzi kuhusu wanajeshi wa kikosi maalumu cha SAS waliowaua wanachama watatu wa kundi la wapiganaji la IRA huko Gibraltar. Waziri wa Mambo ya Nje, Geoffrey Howe, alitaka kipindi kiahirishwe, na mamlaka ya usimamizi ikakataa. Tume ya uchunguzi ya Lord Windlesham, mtu aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya chama cha Conservative, ilikisafisha kipindi kwa sehemu kubwa. Serikali ya Margaret Thatcher haikuikubali ripoti hiyo. Kisha ikaja Sheria ya Utangazaji ya 1990: leseni za ITV zitolewe kwa zabuni ya siri, na aliyevuka kipimo cha ubora akatoa fedha nyingi zaidi ndiye apewe.

Matokeo yalitangazwa tarehe 16 Oktoba 1991. Thames iliahidi pauni milioni 32.8 kwa mwaka. Mshindani wake, Carlton, iliahidi milioni 43.2. Wakati huohuo Central, ya katikati ya Uingereza, ilipata leseni yake kwa pauni 2,000 kwa sababu hakuna aliyejitokeza kushindana nayo. Wengi waliona kisasi cha Gibraltar. Hesabu ya zabuni peke yake inatosha kueleza kushindwa kwa Thames, lakini sheria iliyofanya hesabu hiyo iwe hakimu ilitungwa na watu waliokuwa na hasira nayo, na mimi sioni namna ya kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Thames ilirusha matangazo mara ya mwisho tarehe 31 Desemba 1992, na saa 6 usiku Carlton ikashika kituo. Lakini jiji lile la zamani likaendelea kuonekana kwingine. Miezi miwili kabla, Thames na BBC walikuwa wameanzisha UK Gold, kituo cha vipindi vya zamani, na humo vipindi vya Thames mara nyingi vilirudiwa vikiwa na nembo yao mwanzoni, maji na tarumbeta pamoja. Carlton haikupata picha ya kuushinda mto. Oktoba 2002 jina lake likaondolewa kwenye utambulisho wa kituo cha London, siku moja na la LWT, na nafasi yao ikachukuliwa na ITV1. Mwaka 2004 iliungana na Granada ikawa ITV plc. Jina la Thames, kwa upande wake, lilirudishwa na wamiliki wake wapya, na leo liko mwishoni mwa shindano la vipaji la Britain's Got Talent.