Fildi kwenye shirika la viti mwendo: Mambo ya kujua kabla ya kupanda Upareni

Kiti mwendo kinachokwenda vizuri kwenye lami ya Same mjini kinaweza kugeuka mzigo kikifika Chome, Vudee au Mbaga. Huko juu njia ni za mteremko, mvua ikinyesha ni tope, na kutoka mlangoni hadi barabarani mara nyingi ni kijia chembamba tu.

Hilo ndilo somo la kwanza kwa mwanafunzi anayekwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye shirika linalotoa viti mwendo, magongo au miguu bandia kwa watu wenye ulemavu.

Nani anafaa kwenda?

Siyo wa fani za afya peke yao. Mashirika haya yanahitaji wa fiziotherapia, ustawi wa jamii, uhandisi mitambo, hata uhasibu na utunzaji wa stoo.

Kwa wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa taaluma, chuo kiko jirani. TATCOT, kilicho ndani ya eneo la KCMC mjini Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981. Wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika.

Kugawa kiti siyo kumaliza kazi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2008 unataja hatua 8 za huduma ya kiti mwendo:

1. Rufaa na miadi
2. Tathmini ya mtumiaji
3. Kuchagua kiti kinachomfaa
4. Fedha na kuagiza
5. Kukiandaa kiti
6. Kumpimisha mtumiaji
7. Kumfundisha kukitumia
8. Matengenezo na ufuatiliaji

Picha za makabidhiano mara nyingi huonyesha siku moja tu kati ya hizo zote. Mwanafunzi wa fildi ataona zilizobaki: kupima upana wa nyonga, urefu wa paja na wa mguu kuanzia gotini, kuuliza choo kiko wapi, kuangalia kama kiti kitapita mlangoni.

Kosa dogo, madhara makubwa

Mtu aliyeumia uti wa mgongo anaweza asihisi maumivu makalioni. Akikaa muda mrefu kwenye kiti kisichomtosha, au kisicho na mto unaofaa, anapata vidonda vya mgandamizo. Vikiingia maambukizi, vinaweza kumuua.

Kwa hiyo mwanafunzi asipime wala kurekebisha kiti peke yake bila msimamizi mwenye ujuzi. Na mtumiaji afundishwe kujiinua au kuegemea upande mara kwa mara, pamoja na kukagua ngozi yake kila siku.

Mwanafunzi aliyejifunza kwa kukosea

Amos Winter alikuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, alipokuja Tanzania mwaka 2005 kuangalia hali ya viti mwendo. Baadaye yeye na wenzake walibuni kiti cha magurudumu matatu kinachoendeshwa kwa wenzo mbili. Ukishika juu unapata nguvu ya kupanda, ukishika chini unapata mwendo. Kimetumia vipuri vya baiskeli, ili fundi wa kijijini aweze kukitengeneza.

Toleo la kwanza walilojaribu Afrika Mashariki halikufaulu: lilikuwa zito, na pana mno kutumika ndani ya nyumba. Waliojua hilo ni watumiaji wenyewe, na maoni yao ndiyo yaliyobadilisha kiti.

Akifika Same, afanye nini?

- Aripoti kwa msimamizi na barua ya chuo, kisha aombe kutambulishwa kwa afisa ustawi wa jamii na viongozi wa kijiji.
- Azungumze na mtumiaji mwenyewe, siyo na ndugu aliyemsindikiza tu. Baadhi ya wazee watajieleza vizuri zaidi kwa Chasu, hivyo atafute wa kutafsiri.
- Asimsukume mtu wala kugusa kiti chake bila kuomba.
- Asipige picha na kurusha mtandaoni bila ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022.
- Ajue fundi baiskeli wa karibu ni nani. Tairi ikipasuka Gonja, Moshi ni mbali.

Kabla ya kuondoka

Fildi huisha baada ya wiki chache, lakini mtumiaji anabaki na kiti chake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua kama mwenye haki, siyo mtu wa kuhurumiwa.

Hivyo ripoti bora siyo ile ya chuo tu. Ni daftari linalobaki ofisini: nani alipewa kiti gani, vipimo vyake, kilichoharibika, na tarehe ya kumtembelea tena. Bila hilo, mwanafunzi anayefuata ataanza upya, na mtu wa mlimani ataulizwa maswali yale yale huku bado akisubiri tairi.