Mfalme Aliyeanza kwa Kukosa

Hebu tuanze na namba mbili: 37 na 38. Ya kwanza ni jumla ya homurani alizopiga Sadaharu Oh katika misimu yake mitatu ya mwanzo kama mchezaji wa kulipwa nchini Japani, 1959 hadi 1961. Ya pili ni homurani alizopiga mwaka 1962 peke yake. Kila ninapoziangalia najiuliza nini hasa kilitokea hapo katikati, maana jibu tunalopewa mara nyingi ni jepesi mno: ati aliinua mguu mmoja, basi, akawa jabali.

Kwa asiyefuata besiboli, maelezo mafupi. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anamsubiri na gongo lake. Mpigaji akiupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja, hiyo ndiyo homurani; anazunguka vituo vyote vinne taratibu, hakuna wa kumgusa. Akihesabiwa makosa matatu, anarudi kuketi na aibu yake. Oh alistaafu mwaka 1980 akiwa na homurani 868. Ndiyo maana wengi husimulia habari zake kuanzia kileleni. Mimi napenda zaidi kule bondeni.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1940. Mama yake alikuwa Mjapani. Baba yake, Mchina kutoka Zhejiang, aliendesha mgahawa. Mzee huyo aliwapangia wanawe maisha: mmoja awe daktari, mwingine mhandisi. Kaka mtu akawa daktari kweli. Mdogo akashika mpira.

Katika shule ya sekondari ya Waseda Jitsugyo, Oh alikuwa mrushaji, tena hodari. Majira ya kuchipua ya 1957 aliiongoza timu yake kutwaa ubingwa wa mashindano ya shule kule Koshien, uwanja ambao kila kijana wa Japani anayecheza besiboli anauota. Alirusha huku malengelenge ya vidole yakimpasuka na kutoa damu. Nchi nzima ikamjua.

Vuli ya mwaka huohuo likaja Tamasha la Michezo la Taifa. Kanuni zilisema ni la raia wa Japani tu, na Oh alikuwa na uraia wa China kama baba yake. Basi wenzake wakaenda, yeye akabaki. Kijana wa miaka 17, bingwa wa jana, leo anaambiwa si wa hapa. Nadhani huwezi kuielewa miaka iliyofuata bila kulishika jambo hili.

Mwaka 1959 alijiunga na Yomiuri Giants, klabu kubwa kuliko zote Japani. Kocha mkuu Shigeru Mizuhara hakutaka awe mrushaji. Alimfanya mpigaji na kumweka kwenye kituo cha kwanza. Mechi ya kwanza alikutana na Masaichi Kaneda, mrushaji aliyeogopwa na kila mtu, na Oh hakuambulia pigo hata moja. Ikaendelea hivyo. Mara 26 alijaribu bila kupata. Pigo lake la kwanza, lilipokuja mwishoni mwa Aprili, lilikuwa homurani. Lakini msimu ulipofungwa alikuwa amefanikiwa takriban mara 16 tu katika kila nafasi 100, na mara 72 alirudi kuketi baada ya kuhesabiwa makosa matatu. Homurani zake zilikuwa 7.

Sasa, jina lake. Herufi inayoandika Oh, ambayo kwa Kichina husomwa Wang, maana yake ni mfalme. Mashabiki hawakuiacha zawadi hiyo. Wakamwita mfalme wa kukosa, wakamwimbia hivyo viwanjani. Jina la ukoo aliloachiwa na baba, lile lile lililomfungia mlango wa tamasha, sasa limekuwa kejeli ya jukwaani.

Haikuwa giza tupu. Tarehe 25 Juni 1959 mfalme mkuu wa nchi, Showa, alikwenda uwanja wa Korakuen kutazama Giants wakicheza na Hanshin Tigers. Oh alipiga homurani iliyosawazisha. Lakini Shigeo Nagashima, nyota wa timu, akapiga ya ushindi mwishoni, na usiku ule ukawa wake. Misimu miwili iliyofuata Oh alipata homurani 17, kisha zikashuka hadi 13. Kijana mwenye kipaji, mwenye fedha, aliyezoea starehe za Ginza, na anayeporomoka. Hadithi za namna hii huishia hapo.

Mwaka 1962 Giants wakamleta Hiroshi Arakawa kuwa kocha wa wapigaji. Hawakuwa wageni. Miaka ya nyuma Arakawa alimkuta Oh bado mtoto, akipiga kwa mkono wa kulia ilhali ni mwenye shoto, akamshauri ageuke. Safari hii aligundua kwamba Oh huchelewa: gongo huanza safari wakati mpira umeshafika. Akamwambia ainue mguu wa kulia mapema, asimame kwa mmoja, amsubiri mrushaji. Ukisimama hivyo huna nafasi ya kuchelewa, maana ukiyumba kidogo tu umekwisha.

Tarehe 1 Julai 1962, dhidi ya Taiyo Whales, alijaribu mtindo huo katika mechi kwa mara ya kwanza na akapiga homurani. Watu huishia kwenye picha hiyo ya mguu hewani. Wanaruka kilichoufuata: usiku kwa usiku nyumbani kwa Arakawa, mwanafunzi wa aikido wa Morihei Ueshiba, Oh akikata kwa upanga kipande cha karatasi kilichoning'inizwa darini. Karatasi haikatwi kwa nguvu; ukiikurupukia inakukwepa. Mguu ulionyesha kosa lilipo. Karatasi ndiyo iliyolitibu, na ilichukua muda.

Mwaka 1964 alifikisha homurani 55 kwa msimu mmoja, rekodi ya Japani iliyodumu hadi 2013. Septemba 1977 alipiga ya 756, akampita Hank Aaron wa Marekani, ingawa ligi zao ni mbili tofauti na mabishano hayaishi. Siku mbili baadaye serikali ya Japani ilimpa Tuzo ya Heshima ya Taifa, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa kuipokea.

Ilikuwa imepita miaka 20 tangu lile tamasha, na pasipoti yake ilikuwa bado si ya Japani. Anayetaka kumsikia mwenyewe akisimulia, atafute kumbukumbu zake alizoandika na David Falkner, zilizotoka 1984. Ushauri wangu: usikimbilie sura za rekodi. Kaa kwanza na yule kijana wa 1959, anayetembea kurudi kuketi huku uwanja mzima ukimwita mfalme.