Mafahali Wawili Ndani ya Chuma

Kwa miongo mingi, aliyetafuta maada mpya ya kupitisha umeme bila ukinzani alionywa ajiepushe na usumaku. Onyo hilo lilishikiliwa sana na Bernd Matthias, mwanafizikia aliyegundua mamia ya vipitishi vikuu, kama maada hizo zinavyoweza kuitwa. Alikuwa na ushahidi. Mwaka 1958 yeye na wenzake walitia gadoliniamu, metali yenye usumaku mkali, ndani ya lanthanamu. Kiasi cha asilimia moja tu kiliua sifa hiyo ya lanthanamu.

Msingi wa sababu yake ulikuwa umekwisha kuelezwa mwaka uliotangulia na wanafizikia Bardeen, Cooper na Schrieffer. Ndani ya kipitishi kikuu elektroni huenda jozi jozi, na sumaku ndogo ya kila moja huelekea kinyume na ya mwenzake. Sumaku kali huzilazimisha zote zielekee upande mmoja, na jozi zikavunjika. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na chuma ndicho kilichohesabiwa fahali mkali.

Aliyelivunja wazo hilo kuhusu chuma alitoka nje ya uwanja huo. Hideo Hosono wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo alijulikana kwa oksidi angavu zinazopitisha umeme. Mwaka 2006 kikundi chake kilitangaza mchanganyiko wa lanthanamu, chuma, fosforasi na oksijeni uliopoteza ukinzani karibu na nyuzi −269 za Selsiasi. Ni baridi kali mno, na wachache walishtuka. Februari 2008 wakaja na aseniki mahali pa fosforasi, na florini kidogo mahali pa oksijeni: nyuzi −247. Hapo maabara za dunia zikaamka. Miezi michache haikupita kabla kikundi cha Zhao Zhongxian, Beijing, hakijatumia samariamu na kufika nyuzi −218.

Lakini rekodi za joto si kiini cha habari hii. Kiini ni kile kilichoonekana miale ya nyutroni ilipoelekezwa kwenye maada hizo kabla hazijatiwa florini: zilikuwa na usumaku, atomu za chuma zikiwa zimejipanga mistari mistari, kila mstari ukielekea kinyume cha jirani yake. Kwa hiyo upitishaji mkuu ulichipuka palepale penye usumaku.

Ndipo likaja swali gumu: je, hali hizo mbili huishi pamoja kweli, au kila moja ina kipande chake ndani ya fuwele? Mchanganyiko wa bariamu, chuma na aseniki uliotiwa kobalti kidogo ulitoa jibu zuri mwaka 2009. Ulipopozwa, usumaku ulianza kwanza na kukua. Mara upitishaji mkuu ulipoingia, usumaku ukapungua bila kutoweka. Vipande vilivyotengana visingeathiriana hivyo. Hali hizo mbili zilikuwa zikigombea elektroni zilezile. Wanafizikia wengi leo huona kwamba mitikisiko ya usumaku huo ndiyo inayoziunganisha jozi, ingawa mjadala haujafungwa.

Mwaka 2016 ukaongezeka mchanganyiko wa kustaajabisha zaidi, wenye rubidiamu, yuropiamu, chuma na aseniki. Elektroni za chuma hupoteza ukinzani kwenye nyuzi −237. Joto likishuka hadi −258, sumaku za yuropiamu nazo hujipanga, tabaka kwa tabaka, na umeme huendelea kupita bila ukinzani.