Joto la Utah na mkimbizi mwenzetu aliyetangaza mapema

Mwezi uliopita mtu alipita kambini akiuza jiko ambalo eti halitaki kuni, mkaa, jua wala umeme. Lilichemsha kikombe cha chai mbele yetu. Tukachanga hela, tukanunua. Jioni jiko likapoa, na muuzaji hatujamwona tena. Aibu ipo, lakini tulipoanza kusoma tukakuta hata maprofesa wakubwa waliwahi kutangaza joto ambalo chanzo chake hakikuonekana. Na mmoja wao alikuwa mtoto mkimbizi.

Martin Fleischmann alizaliwa 1927 huko Karlovy Vary, Chekoslovakia. Baba yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na Wanazi walimfunga, wakamuumiza. Familia ikakimbilia Uholanzi, kisha 1938 Uingereza, ambako baba alifariki kutokana na majeraha yale. Mtoto akasoma hadi akawa profesa wa kemia Southampton, na 1986 akaingia Royal Society. Hapo kusema kweli tulisoma mara mbili.

Tarehe 23 Machi 1989 yeye na Stanley Pons waliwaita waandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Walikuwa wamepitisha umeme kwenye chupa ya maji mazito, yaani maji yaliyotengenezwa kwa haidrojeni nzito, kwa kutumia kipande cha madini ya paladiamu. Wakasema joto linalotoka linazidi umeme unaoingia.

Sasa, sheria ya kwanza ya themodinamiki ni kama daftari la mgao: kilichotoka lazima kiwe kiliingia, au kilikuwa stoo. Fleischmann hakuikataa. Alisema stoo ni viini vya haidrojeni nzito, vinaungana ndani ya paladiamu na kutoa joto. Lakini viini vikiungana hivyo hutoa nyutroni, na kwa joto lile mionzi ingewaua waliosimama pale. Kumbe wote wazima!

Kwa nini waliharakisha? Steven Jones wa chuo jirani, Brigham Young, alikuwa na utafiti unaokaribiana na wao. Walikuwa wamepatana kutuma makala zao pamoja tarehe 24, lakini Utah ikatangaza siku moja kabla.

MIT na Caltech walirudia jaribio, joto lile hawakuliona. Nathan Lewis wa Caltech alisema maji yasipokorogwa, kipimajoto kinaweza kudanganya, kwa sababu joto si sawa kila mahali. Aliyepika uji wa sufuria kubwa anaelewa bila kusoma kemia. Jimbo la Utah lilishatoa dola milioni 5. Taasisi iliyofunguliwa kwa hela hizo ikafungwa 1991.

Fleischmann aliendelea na utafiti Ufaransa kwa fedha zilizotoka Toyota, akafariki Uingereza 2012 akiwa bado anaamini. Mwaka 2019 watafiti waliolipiwa na Google waliandika kwamba nao hawakupata dalili ya joto lile. Sisi hatumwiti tapeli. Alipima vibaya na akasema mapema, basi, na wenzake wengi hawakumsamehe.

Jana tulifungua lile jiko letu. Chini ya bati kulikuwa na betri ya pikipiki, imekwisha chaji.