Kiingereza Kilipokuwa "Hakijitoshelezi": Maneno Yaliyoachwa Njiani

Kuna hoja moja isiyochoka kurudi katika semina zetu: eti Kiswahili hakina istilahi za kutosha, hivyo uhakiki wa maana sharti ufanywe kwa Kiingereza. Wenye hoja hii hukizungumzia Kiingereza kana kwamba kilizaliwa na ndevu zake. Hebu tuyafukue basi maneno ya Kiingereza ya karne ya 16 ambayo leo hata Mwingereza akiyasikia atauliza, "Unasema nini?"

Wakati ule lugha ya elimu huko Uingereza ilikuwa Kilatini, na Kiingereza kilionekana lugha ya sokoni tu. Wasomi waliotaka kukiinua waligawanyika. Wapo waliochota maneno ya Kilatini na Kigiriki kwa ndoo. Wapinzani wao wakayabeza, wakayaita maneno ya pembe ya wino, kwa kuwa wino wa enzi hizo ulitiwa katika pembe. Thomas Wilson, katika kitabu chake cha balagha cha mwaka 1553, alitunga barua ya mzaha iliyojaa maneno hayo. Humo mna "obtestate" (kusihi), "ingent" (kubwa mno) na "adjuvate" (kusaidia), yote marehemu. Lakini humo humo mna "celebrate", "extol" na "dexterity", ambayo leo hayamchekeshi mtu. Wilson aliyacheka yote kwa pamoja. Hakujua yapi yangemzika yeye.

Kambi ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Sir John Cheke, profesa wa Kigiriki pale Cambridge (kwa hiyo asingeweza kushutumiwa kwamba hajui lugha za kigeni), alianza kutafsiri Injili ya Mathayo kwa maneno ya nyumbani matupu. Akida wa askari mia akamwita "hunderder", yaani mtu wa mia. Ufufuo akauita "gainrising", kuinuka tena. Mwenye wazimu wa mwezi akawa "mooned". Tafsiri hiyo haikupigwa chapa hadi mwaka 1843, karibu miaka 300 baadaye. Mwongofu mpya Cheke alimwita "freshman". Neno hilo, wenzangu wa mwaka wa kwanza mnalijua vizuri, maana ndilo mnaloitiwa!

Mwaka 1573 Ralph Lever akatoa kitabu cha mantiki. Mantiki yenyewe akaiita "witcraft", ufundi wa akili. Fasili ni "saywhat", yaani sema-nini. Hitimisho ni "endsay", kauli ya mwisho. Kiima akakiita "foreset", kilichowekwa mbele, na kiarifu "backset", kilichowekwa nyuma. Jamani, ukiyatazama hayo unaona mtu anayefanya kazi ile ile ya wanaistilahi wetu: kuchukua mizizi ya nyumbani na kuiunga mpaka iseme jambo la darasani. Yanaeleweka bila mwalimu. Kwa nini basi yalikufa?

Mimi naona Lever alichelewa. "Logic" na "conclusion" yalikuwa yamekwisha kaa katika Kiingereza tangu karne ya 14, na waliosoma mantiki walikuwa wameyazoea. Uwazi wa neno haukutosha kuliondoa neno lililozoeleka. Ndivyo lilivyokwama "ngamizi" mbele ya "kompyuta". "Tarakilishi" nalo lina makao katika vitabu vya shule vya Kenya, ila Mtanzania ukimtajia atakuangalia mara mbili.

Hakuna baraza lililoketi kuamua kipi kibaki. Watu waliendelea kuandika tu, kwa maneno ya kambi zote mbili, na vurugu ikawa kubwa kiasi kwamba mwaka 1604 mwalimu Robert Cawdrey alitoa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Ilikuwa na maneno magumu yapatayo 2,500 tu. Yaani Waingereza walihitaji kufasiriwa lugha yao wenyewe.

Hata hivyo Newton alichapisha Principia kwa Kilatini mwaka 1687. Kitabu chake kikubwa kilichofuata, Opticks cha mwaka 1704, alikitoa kwa Kiingereza. Ndani yake "spectrum", neno la Kilatini, limekaa jirani na "light", neno la nyumbani kwao.