Mwanga Unaomezwa na Maji

Katika Ugogo, tangu Chamwino hata Bahi, mvua hunyesha msimu mmoja tu, na miezi iliyosalia watu hutegemea zaidi maji ya visima, yaliyolala muda mrefu katika miamba. Maji hayo aghalabu huonekana safi, walakini jicho si shahidi wa kutosha. Floridi haina rangi wala harufu. Nayo ikizidi humtia mtoto madoa ya kahawia menoni, na ikizidi sana hupotoa mifupa. Watu wa Singida na wa Arusha wayajua madhara hayo.

Njia ya kuipima ilianzia mbali. Mfaransa Pierre Bouguer, ambaye kabla ya hapo aliulinganisha mwanga wa mwezi na wa mishumaa, alieleza katika 1729 kuwa mwanga ukipenya kitu kwa tabaka zilizo sawa, kila tabaka humeza sehemu ile ile ya mwanga unaoifikia, wala si kiasi kile kile. Ikiwa sentimita ya kwanza yapitisha nusu, ya pili hupitisha robo ya mwanga wa asili, na ya tatu thumuni. Lambert akaitia kanuni hiyo katika hesabu mwaka 1760. Na Mjerumani August Beer, katika 1852, akaonyesha kuwa kuongeza dawa ndani ya maji ni sawa na kuongeza kina chake. Kwa hiyo anayejua mwanga ulioingia na uliotoka aweza kujua kilichomo.

Kwa floridi kanuni hii yageuka kichwa chini. Maji hutiwa rangi nyekundu iliyofungamana na zirkoni. Floridi huinyang'anya rangi ile zirkoni yake, nayo hupauka. Basi mwanga ukipita kwa wingi, floridi ni nyingi. Kwa madini, Alan Walsh alitangaza huko Australia, 1955, namna ya kupima mwanga unaomezwa na atomi zenyewe ndani ya mwali wa moto. Njia hiyo imefika hata Dodoma, mji ambao tangu miaka ya 1920 ulikuwa makao ya wapimaji miamba wa Tanganyika.

Lakini chombo hutoa tarakimu tu; hukumu hutolewa na watu. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu floridi hadi miligramu 4 katika lita moja, kisha ikashusha hadi 1.5. Kisima chenye miligramu 3 kilichohesabiwa chema kikawa kibaya, na maji yake hayakubadilika.